Nafasi Tupu Kwenye Mpango wa Shahada ya Ustawi wa Jamii

Binti wa kaka yangu alinijia mwezi uliopita akiwa na daftari aliloligawa katika safu nne, moja kwa kila mwaka wa masomo. Amekubaliwa kusoma shahada ya kwanza ya ustawi wa jamii, na kwa bidii yake ya kawaida alikuwa ameshaorodhesha kozi za kila muhula: utangulizi wa saikolojia, sosholojia, ukuaji wa binadamu, sera za jamii, sheria, takwimu, mbinu za utafiti. Safu zote zilikuwa zimejaa, isipokuwa sehemu ya chini ya mwaka wa tatu na wa nne, ambako alikuwa ameandika maneno matatu tu, "mafunzo kwa vitendo", kisha akaacha nafasi tupu. Nilipomuuliza kwa nini hapo hapajajazwa, alinijibu kwa utulivu, "Shangazi, hayo chuo kitanipangia."

Nilimwomba tuanze upya, safari hii kutoka kwenye ile nafasi tupu kurudi nyuma. Naandika makala haya kwa ajili ya kila anayekaribia uamuzi kama wake, kwa sababu nilipokuwa na umri wake nami nilijibu hivyohivyo, na jibu hilo lilinigharimu muhula mzima ambao hadi leo sijaweza kuuona kuwa ni wa kusahau.

Kituo changu cha kwanza cha mafunzo kilikuwa ofisi yenye watumishi wachache na majalada mengi. Sitaitaja, kwa kuwa waliokuwa pale walikuwa watu wema waliolemewa na kazi, na kosa ninalotaka kulieleza halikuwa la mtu mmoja. Nilipewa meza karibu na mlango pamoja na daftari la usajili ambalo nilitakiwa kulinakili upya, jina kwa jina, kwa sababu la zamani lilikuwa limechakaa. Saa yangu ya usimamizi, ya kuketi na msimamizi tukaizungumzia kazi yangu, ilipangwa siku ya Alhamisi. Wiki ya kwanza iliahirishwa kwa sababu ya kikao, wiki ya pili kwa sababu ya dharura, na wiki ya tatu hakuna aliyeitaja, hata mimi mwenyewe niliona haya kuikumbusha.

Wiki hiyohiyo ya tatu nilitumwa peke yangu kuitembelea kaya moja nikiwa na fomu ya maswali kumi na mawili. Mama mwenye mtoto mchanga alinipokea vizuri, akanijibu kila swali kwa "ndiyo": ndiyo, mtoto ananyonya, ndiyo, kliniki tunakwenda, ndiyo, hapa nyumbani kuna usalama. Muda wote huo mtoto mwingine, wa miaka sita hivi, alisimama akiwa ameushika mlango wa chumba cha ndani kwa mikono miwili, ukiwa nusu wazi, asiufungue wala asiufunge, na macho yake hayakunibanduka. Nilijaza fomu, nikashukuru, nikaondoka. Ofisini nilimkabidhi karani fomu yangu, naye akaitia kwenye jalada. Hakuna aliyeniuliza nimeona nini, na mimi sikuwa bado na lugha ya kusema kwamba nimeona mlango. Huenda ndani kulikuwa na vitanda visivyotandikwa tu. Huenda kulikuwa na mtu aliyeogopwa. Mwanafunzi ambaye angerudi jioni ile kwa msimamizi wa kumsikiliza angeulizwa swali moja jepesi, "Nani mwingine alikuwepo?", na mtoto yule angeingia kwenye mazungumzo ya watu wazima wenye uwezo wa kufanya jambo.

Kwa hiyo ninapozungumzia kupanga shahada hii, simaanishi kwanza orodha ya kozi. Namaanisha kuhakikisha, mapema kadiri inavyowezekana, kwamba siku utakapotoka kwenye nyumba ya mtu ukiwa umeona usichokielewa, kutakuwa na mtu mwenye ujuzi, mwenye muda uliotengwa, anayewajibika kuketi nawe. Mengine yote yanaweza kupangwa kuizunguka saa hiyo.

Wanaoona mafunzo kwa vitendo kuwa ni nyongeza ya darasa huisahau historia ya taaluma yenyewe, kwa maana katika ustawi wa jamii uwanda ulitangulia darasa. Karne ya 19 watu wa kujitolea walikuwa wakizitembelea nyumba za maskini kwa miaka mingi kabla hajakuwapo mhadhiri hata mmoja wa somo hili. Toynbee Hall, nyumba ambako wasomi waliishi katika mtaa wa maskini ili kuwahudumia, ilifunguliwa London mwaka 1884. Jane Addams na Ellen Gates Starr wakaanzisha Hull House mjini Chicago mwaka 1889, wakahamia kuishi katika mtaa uleule waliotaka kuuhudumia. Mary Richmond, aliyekuwa akiongoza shirika la misaada Baltimore, alisimama kwenye mkutano wa mwaka 1897 mjini Toronto akadai iwepo shule ya kuwafunza watembeleaji hao wa nyumba za maskini kazi yao, kwa sababu alikuwa ameshuhudia watu wenye nia njema wakirudia makosa yaleyale bila mtu wa kuwaonyesha. Mwaka uliofuata, 1898, kozi ya wiki sita ikafunguliwa New York, na kutokana nayo ikakua shule ambayo leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Columbia. Amsterdam ilipata taasisi yake ya mafunzo haya mwaka 1899, na Alice Salomon akafungua ya kwake Berlin mwaka 1908. Kote huko darasa lilianzishwa ili watu waliokwisha kuingia kazini wapate wa kufikiri pamoja naye juu ya walichokiona.

Baraza linaloidhinisha mitaala ya ustawi wa jamii nchini Marekani lilipotoa viwango vyake vya mwaka 2008, liliyataja mafunzo kwa vitendo kuwa ndiyo njia ya ufundishaji inayoitambulisha taaluma hii, kama vile mzunguko wa wodini unavyoutambulisha udaktari. Mlinganisho huo wa wodi ni wangu, lakini nadhani ni wa haki. Hakuna anayemkubali daktari aliyesoma vitabu vyote bila kusimama kando ya kitanda cha mgonjwa huku daktari mkubwa akimtazama.

Saa zinazohitajika hutofautiana sana. Nchini Marekani mwanafunzi wa shahada ya kwanza hutakiwa kumaliza saa zisizopungua 400. Australia hudai saa 1,000, zikigawanywa katika angalau vituo viwili. England huhesabu kwa siku: 170 za kituoni na 30 za kujenga stadi. Binti wa kaka yangu alivutiwa na tarakimu hizi, nami nilimtaka tuzipigie hesabu badala ya kuzistaajabia. Anayekwenda kituoni siku mbili kwa wiki, saa nane kila siku, hupata saa 16 kwa wiki. Ili azifikishe saa 400 anahitaji wiki 25, ambazo haziwezi kuingia katika muhula mmoja. Anayekwenda siku tano kwa wiki, saa 40, atazimaliza zilezile kwa wiki 10. Mwenye saa 1,000 naye, akifanya kazi siku nzima kila siku, anahitaji wiki 25. Hesabu ya dakika tano kama hii ilitosha kuonyesha kwamba mwaka wake wa nne, kama alivyokuwa ameupanga, usingewezekana: alikuwa ameweka kozi sita katika muhula uleule ambao siku mbili au tatu za kila wiki tayari si zake.

Hata hivyo saa zenyewe hazisemi lolote kuhusu kilichomo ndani yake. Mimi katika kituo cha kwanza nilitimiza saa zangu zote, zikasainiwa na kupigwa mhuri, na nyingi kati ya hizo nilizitumia kunakili majina. Alfred Kadushin, aliyeandika kwa kirefu juu ya usimamizi katika ustawi wa jamii, aliutambua kuwa na kazi tatu: ya kiutawala, ya kielimu, na ya kumtegemeza mtu katika uzito wa kazi. Kiutawala nilisimamiwa vizuri, kwa maana mahudhurio yangu yalijulikana kila siku. Kielimu na kwa upande wa kutegemezwa, sikusimamiwa kabisa. Mwanafunzi anayechunguza kituo anaweza kuishika mizani hii ya mambo matatu akauliza kwa kila moja: nani, lini, kwa namna gani?

Kituo changu cha pili hakikuwa na jengo la kuvutia, lakini msimamizi wangu alinipokea siku ya kwanza kwa kufungua kalenda. Aliandika jina langu kwenye kila Jumanne, saa nne hadi saa tano asubuhi, mpaka mwisho wa muhula, na aliandika kwa wino. Kisha akanifundisha kuandika kumbukumbu ya mazungumzo. Ukurasa hugawanywa katika safu tatu: ya kushoto huandikwa kilichosemwa, maneno ya mteja na yangu, kadiri akili inavyoweza kuyashika, ya kati huandikwa nilichohisi wakati kila neno likisemwa, ya kulia huachwa wazi kwa ajili ya penseli yake.

Kumbukumbu yangu ya kwanza ilimhusu mvulana wa miaka kumi na mitano aliyekuwa ameacha shule. Niliandika kurasa nne, nikazipeleka nikiamini kwamba mazungumzo yalikwenda vizuri. Katika safu yote ya kulia msimamizi aliandika mahali pamoja tu: "Hapa mlinyamaza. Nani aliuvunja ukimya, na ulimlemea nani?" Nilitazama kushoto. Nilikuwa nimemuuliza kijana hali ya nyumbani ikoje, akainamisha uso, na mstari uliofuata ulikuwa wangu: maneno ya ushauri, mistari sita, juu ya umuhimu wa elimu. Safu ya kati ilikuwa imeshaeleza sababu kwa mwandiko wangu mwenyewe, "nilijisikia vibaya". Msimamizi hakuniambia nimekosea. Aliniuliza ni nini hutokea ndani yangu mtu anaponyamaza, akanitaka nikae naye kimya kwa dakika moja kamili, tukiitazama saa ya ukutani. Ilikuwa ndefu kuliko nilivyodhani dakika inaweza kuwa.

Wiki iliyofuata, kijana alipoinama, nilingoja. Hakunifunulia moyo wake kama nilivyotarajia. Aliuliza tu, "Nikikuambia, utamwambia mama?"

Nilikuwa nimepata alama za juu katika kozi ya maadili, na kwenye mtihani nilieleza maana ya usiri kwa aya mbili nzuri. Pale mbele yake sikuwa na sentensi hata moja. Nilimwambia ukweli, kwamba nitamuuliza msimamizi wangu kwanza ili nisimpe ahadi nisiyoweza kuitimiza, na Jumanne tukaketi tukayatunga maneno: kwamba atakachoniambia kitabaki kwangu na kwa msimamizi wangu, isipokuwa kama yeye au mtu mwingine yuko hatarini, na ikifikia hapo nitajitahidi kumweleza yeye kwanza kabla sijamweleza mtu mwingine yeyote. Sentensi hiyo naitumia mpaka leo. Naisema mwanzoni, kabla mtu hajaanza kujieleza, kwa sababu mpaka wa siri unaotajwa baada ya mtu kusema huwa umemnasa tayari. Kijana aliisikiliza, akaifikiria siku kadhaa, na mkutano wa tatu akazungumza. Alichokisema ni chake.

Fasili ya kimataifa ya taaluma hii, iliyopitishwa Melbourne mwaka 2014, hutaja haki ya kijamii, haki za binadamu, uwajibikaji wa pamoja na kuheshimu tofauti za watu. Ni maneno makubwa, nami nayaamini. Lakini kwa mwanafunzi huwa yana ukubwa wa mambo madogo sana: kumheshimu mtu kulikuwa, kwa upande wangu, ni kujua kungoja sekunde kumi na kutodanganya kuhusu usiri. Hayo hayafundishiki ukumbini mbele ya wanafunzi mia mbili. Hufundishika kwa watu wawili, ukurasa mmoja na penseli.

Nirudi kwenye daftari. Swali la kwanza lilikuwa namna mafunzo yanavyopangwa. Kuna vyuo vinavyompeleka mwanafunzi kituoni siku mbili au tatu kwa wiki huku akiendelea na masomo, na kuna vinavyomtoa darasani kabisa kwa wiki kadhaa mfululizo. Naupendelea mpango wa kwanza kwa kituo cha kwanza, kwa sababu unalokutana nalo Jumatatu unaweza kulipeleka kwenye semina ya Alhamisi likiwa bado bichi, na kwa sababu uhusiano na mteja huhitaji miezi, si siku. Mpango wa pili unafaa zaidi kwa kituo cha mwisho, mwanafunzi akiwa tayari anajua anachotafuta; humwonyesha kazi ilivyo kuanzia asubuhi hadi jioni, pamoja na dharura za Ijumaa alasiri ambazo mwanafunzi wa siku mbili huzisikia tu zikisimuliwa. Hatari yake ni kwamba unaweza kumaliza kabla hujaelewa ulipokuwa. Mwenye ajira au mwenye watoto wa kulea anapaswa kulijua hili miaka miwili kabla, si miezi miwili, kwa sababu likizo ya miezi mitatu haipatikani kwa barua ya dakika za mwisho. Baadhi ya programu humruhusu mwanafunzi kufanya mafunzo mahali pa ajira yake, kwa sharti kwamba majukumu yawe mapya na msimamizi asiwe bosi wake. Naielewa haja hiyo na simlaumu anayeitumia, ingawa ni vigumu kumwambia mtu anayekufahamu kama mfanyakazi hodari kwamba jana hukujua la kufanya.

Swali la pili lilikuwa mfuatano wa kozi, na hapa tulibishana kwa muda. Alikuwa ameziweka takwimu mwaka wa pili na stadi za mahojiano mwaka wa nne, kwa kuwa takwimu zinamtisha na alitaka kuziondoa mapema. Nilimwambia kwamba kigezo si hofu yake bali ni usalama wa mtu atakayekutana naye kituoni. Kabla ya kuvuka kizingiti cha nyumba ya mtu, mwanafunzi anapaswa awe amesoma mahojiano, maadili, ukuaji wa binadamu, na sheria zinazohusu watoto na familia, hasa kuhusu wajibu wa kutoa taarifa mtoto anapodhuriwa. Utafiti na sera vinaweza kusubiri. Na kwa kweli sera hufahamika vizuri zaidi baada ya kumwona mtu akirudishwa mlangoni kwa sababu ya kifungu kimoja. Kama chuo kinaruhusu kuhamisha kozi, ahamishe. Kama hakiruhusu, angalau asome mwenyewe wakati wa likizo. Alifuta, akaandika upya.

Mambo ya karatasi ni mengi na ni ya lazima, lakini hayana siri: cheti cha kutokuwa na rekodi ya jinai kwa vituo vinavyohudumia watoto na watu wazima walio katika hatari, chanjo kwa vituo vya afya, bima, nauli za kila siku. Yaanze muhula mmoja kabla. Jambo moja tu la namna hii nitalisisitiza: katika nchi nyingi jina la afisa wa ustawi wa jamii hulindwa na sheria, na huwezi kulitumia bila kusajiliwa, wala huwezi kusajiliwa kwa shahada isiyotambuliwa. Ulizia utambuzi huo kwa chombo chenyewe cha usajili, si kwa kipeperushi cha chuo, na uulize kabla ya kulipa ada. Anayesoma kwa masafa aulize pia ni nani atakayemtafutia kituo, maana kuna wanaofika mwaka wa mwisho wakakuta kazi hiyo imeachwa mikononi mwao. Nchini Marekani utambuzi huo una faida nyingine: mhitimu wa programu iliyoidhinishwa anaweza kukubaliwa katika shahada ya uzamili iliyofupishwa, asirudie aliyokwisha kusoma.

Kisha tukaandika maswali ya kuwauliza watu wa chuo. Msimamizi wa kituoni anatakiwa kuwa na sifa gani? Viwango vya Marekani, kwa mfano, hudai awe na shahada ya ustawi wa jamii na uzoefu wa miaka miwili baada ya kuhitimu, na kama kituo hakina mtu wa namna hiyo chuo chenyewe hubeba jukumu la kuuleta mtazamo wa taaluma. Usimamizi hufanyika mara ngapi, na umeandikwa wapi? Msimamizi wa chuoni hukitembelea kituo mara ngapi, na anapokuja huzungumza na mwanafunzi peke yake au mbele ya mwenyeji tu? Kuna mtu atakayeniona nikifanya kazi kwa macho yake, au nitapimwa kwa ripoti ninazoziandika mwenyewe? Kituo kikishindikana, nani wa kumwambia, na itachukua muda gani kuhamishwa? Binti aliona swali hili la mwisho ni la utovu wa adabu kwa mtu ambaye hajaanza hata masomo. Mimi naliona kuwa ndilo la heshima kuliko yote, kwa chuo na kwa wateja pia.

Kuna pia makubaliano ya kujifunza, waraka ambao mwanafunzi, kituo na chuo huusaini katika wiki za mwanzo. Wanafunzi ninaowasimamia siku hizi huniletea sentensi kama "nitajifunza kuwasiliana na wateja", nami huwarudishia. Sentensi hiyo haiwezi kushindwa, kwa hiyo haiwezi kumsaidia mtu. Mmoja wao alirudi na hii: "Kufikia wiki ya sita nitakuwa nimeendesha mahojiano matatu ya kwanza na wateja wapya, msimamizi akiwa chumbani, na nitakuwa nimeandika kumbukumbu kamili ya kila moja." Huyo tulijua la kufanya naye tangu asubuhi iliyofuata, na wiki ya sita ilipofika tulijua kama amefanya.

Lipo jambo ambalo binti hakuliandika, na nilisita kabla ya kuligusa. Wengi huingia katika masomo haya kwa sababu ya jeraha la nyumbani kwao, na yeye ni mmoja wao, mimi pia. Sioni kuwa hilo ni kasoro. Mara nyingi ndilo linalompa mtu masikio. Lakini siku utakapokabidhiwa jalada linalofanana na utoto wako, hutakuwa na uhakika ni machozi ya nani unayoyasikia, na hapo safu ya kati ya ule ukurasa ndiyo inayokuokoa, kwa sharti kwamba kuna atakayeisoma. Nilimshauri asichague kituo cha kwanza kinachogusa jambo lake moja kwa moja, na kwamba atafute mtu wa kuzungumza naye nje ya mafunzo, kwa kuwa msimamizi, hata akiwa na upendo kiasi gani, ndiye pia anayekupa alama. Hakujibu. Aliandika kitu kwa herufi ndogo pembeni mwa daftari, nami sikumwomba anionyeshe.

Na kama mambo yakienda kombo, aseme mapema. Saa ya kwanza ya usimamizi ikikosekana, huenda kulikuwa na dharura tu. Ya pili ikikosekana, mwanafunzi aandike ujumbe mfupi wenye adabu kwa msimamizi wa kituo, akiomba siku nyingine, na nakala aipeleke chuoni. Mimi nilingoja wiki nane nikidhani kulalamika ni kukosa shukrani, wakati kilichokuwa kikipotea hakikuwa changu peke yangu.

Siku tatu baadaye alinipigia simu. Alikuwa ameongea na mratibu wa mafunzo wa chuo chake, ambaye hakuudhika hata kidogo na alimjibu maswali yote isipokuwa moja, kisha akamwahidi kumtumia fomu ya makubaliano inayotumika sasa ili aisome kabla ya muhula kuanza. Ile nafasi tupu, alisema, imejaa mpaka pembeni, na mwaka wa pili umeandikwa upya wote. Tulizungumza kidogo juu ya nauli na juu ya kozi ya sheria. Halafu akanyamaza, nami nikangoja.

"Shangazi," akasema, "yule mtoto wa mlangoni. Hukurudi kwao?"

Nilimwambia kwamba sikurudi.